Vitundu vya Ruhuhu: anasa ya maabara au usalama wa mgodi?

Makaa ya mawe ya Mchuchuma, katika bonde la Ruhuhu wilayani Ludewa, yanakadiriwa kufikia tani milioni 428. Mjadala wowote kuhusu bonde hilo huanzia kwenye namba hiyo, na mara nyingi huishia hapo hapo: mali ipo, ichimbwe. Anayependekeza miamba ya huko ipelekwe maabara ikapimwe vitundu vyake, yaani matundu madogo sana yaliyo ndani ya jiwe, huonekana kama mtu anayesaka shahada ya uzamivu kwa fedha za mradi.

Wanaomwona hivyo wana hoja. Makaa ya Ngaka, Mbinga, huchimbwa kwa shimo la wazi, na tangu vita vya Ukraine vianze yamepata soko la nje kupitia bandari ya Mtwara. Makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi kwa kawaida yalishapoteza gesi yake zamani. Mnunuzi huuliza joto yanayotoa yakiungua, majivu, salfa na unyevu, basi. Tena vipimo vyenyewe, ambavyo huingiza zebaki au gesi ndani ya jiwe ili kujua ukubwa wa vitundu, vina kasoro. Kusukuma zebaki ndani ya jiwe kunataka shinikizo kubwa, na makaa hubonyea. Asiyesahihisha matokeo atahesabu mbonyeo huo kuwa ni vitundu. Naitrojeni, inayotumika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, haiingii vizuri kwenye vitundu vidogo kabisa, kwa hiyo inabidi kurudia kwa kaboni dayoksaidi. Na baada ya kazi yote hiyo umepima gramu chache, wakati gesi na maji hupita zaidi kwenye nyufa ambazo kipande cha maabara hakinazo. Mhandisi akisema anataka ramani ya nyufa kwanza, simlaumu.

Ila hoja hizo zote zina nguvu pale juu, kwenye shimo la wazi. Tabaka la makaa huinama, na anayelifuata ataingia chini ya ardhi siku moja, kama walivyochimba kwenye mgodi wa Kiwira. Huko chini hesabu inabadilika.

Sehemu kubwa ya vitundu vya makaa haifiki upana wa nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Molekuli ya methani, gesi kuu ya makaa, ina upana wa takriban nanomita 0.38, kwa hiyo inaingia na kunata kwenye kuta. Na kuta hizo ni nyingi mno: gramu moja ya makaa inaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 100. Ndiyo maana tani moja ya makaa yenye gesi nyingi, ambayo kwa macho ni jiwe kavu, inaweza kushika zaidi ya mita za ujazo 10 za methani. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Tuchukue hiyo 5: mita za ujazo 10 zinatosha kuifanya hewa ya mita za ujazo 200 iwe ya kulipuka. Hilo ni darasa la mita 8 kwa 8 lenye kimo cha mita 3, na kidogo zaidi. Kutokana na tani moja tu, na mgodi hutoa tani nyingi kwa siku.

Mgodi wa Wankie, Zimbabwe ya leo, makaa yake ni ya miamba ya kale iitwayo Karoo, kama ya Ruhuhu. Tarehe 6 Juni 1972 mlipuko chini ya ardhi uliua watu 427. Sisemi kuwa kipimo cha vitundu kingeuzuia. Uingizaji hewa na udhibiti wa vumbi la makaa ndivyo kinga ya kila siku. Lakini huwezi kupanga feni zako vizuri bila kujua mwamba utakupa gesi kiasi gani, na kwa kasi gani.

Jambo linalosahaulika zaidi, hata na wanaokubali kupima, ni kwamba makaa hayakai peke yake. Juu ya tabaka la makaa kuna mwamba wa tope (tope la kale lililogeuka jiwe), kuna mawe ya mchanga, kisha makaa tena. Mwamba wa tope, kwa vitundu vyake vyembamba, hufunika gesi na maji visipite. Mawe ya mchanga, ambayo vitundu vyake ni vikubwa zaidi, yanaweza kushika maji na gesi huru, isiyonata kwenye kuta. Makaa yakishatolewa, paa hupasuka, na vilivyokuwa juu hushuka kwa wachimbaji. Aliyepima makaa pekee hakupima kinachomsubiri darini.

Gharama? Fedha nyingi huliwa na uchorongaji, na mashimo hayo yatachorongwa vyovyote vile ili kujua unene wa makaa. Hapo hapo kwenye mtambo, makaa yanapotoka ardhini yatiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, gesi ipimwe. Vitundu unaweza kuvipima hata baada ya miaka, sampuli zikiwa zimekauka sandukuni. Gesi haisubiri, huanza kutoka sampuli ikiwa bado inapandishwa. Ukiikosa, itabidi uchoronge upya.