Riwaya ya Kwanza Isiharakishwe

Vijana wengi wanaomaliza kuandika riwaya zao za kwanza huniuliza swali moja: nani atanichapishia? Ni swali la haki, lakini naamini huulizwa mapema mno, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi huanzia pale ambapo mwandishi anadhani amemaliza.

Nami bado nimo katika safari hiyo. Riwaya yangu inahusu vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga katika miaka ya 1950. Rasimu ya kwanza niliiandika kwa kasi, maana hadithi nilikuwa nayo tangu utotoni kutokana na masimulizi ya nyumbani. Kilichochukua muda ni yote yaliyofuata. Katika sura ya tatu, manamba, yaani kibarua aliyeandikishwa kutoka mbali, anasubiri ujira ili atume fedha kwao. Wazee waliokulia kambini walinieleza kwamba kibarua hakulipwa kwa mwezi wa kalenda, bali alilipwa pale kipande chake, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilipotimia siku 30, na kwamba siku aliyougua, au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, haikuhesabiwa. Maelezo hayo yaliigeuza sura nzima. Subira ya mhusika ikapata kipimo, homa yake ikawa na gharama, na ugomvi wake na nyapara, ambao awali ulikuwa wa maneno tu, ukawa ugomvi wa alama moja ya kalamu kwenye kadi. Jambo kama hilo halipatikani kwa kipaji peke yake. Hupatikana kwa kuurudia mswada, kuuliza, kufuta, na kuandika upya.

Umri wala idadi ya miaka si kigezo. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1971 akiwa bado kijana, ilhali Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar katika miaka ya 1960, riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Nawataja wote wawili kwa sababu mwandishi chipukizi hujipima kwa kasi ya wenzake, na kipimo hicho humwonea. Kinachopaswa kumsumbua ni kama wahusika wake wanazungumza kama watu wa mahali pao, au wote wanazungumza kama yeye.

Kwa bahati mbaya, ni vigumu kwake kupata mtu wa kumwambia hivyo. Wachapishaji wetu wengi hutegemea soko la shule, na mswada wa riwaya ya mtu asiyejulikana unaweza kukaa muda mrefu bila jibu. Anayekata tamaa huenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha uchapaji na fedha zake mwenyewe, na kitabu kinatoka bila kupita mikononi mwa mhariri. Simlaumu, lakini nasikitika ninapokutana na hadithi nzuri iliyobeba kurasa ambazo msomaji mmoja makini angeshauri ziondolewe. Marafiki hutusifu kwa upendo. Anayetufaa zaidi katika hatua hii ni mtu atakayeandika pembeni mwa ukurasa kwamba hapa amechoka, au kwamba hamwamini mama huyu anaposamehe upesi hivyo.

Nafurahi kwamba sasa tuna tuzo za uandishi wa Kiswahili, ikiwemo ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere kwa upande wa Tanzania. Zimewapa waandishi heshima na fedha. Hata hivyo, tuzo humfikia mwenye mswada uliokwisha kukomaa. Ningependa sehemu ya fedha za aina hiyo itengwe kwa ajili ya hatua ya kabla, ili mhariri mzoefu alipwe ipasavyo, akae na mwandishi mpya kwa miezi kadhaa, wapitie sura moja baada ya nyingine wakati bado kuna nafasi ya kuzibadilisha.