Ukomo wa mihula pekee hautawapa Ilchamus mbunge

Kila mjadala wa kuwawekea wabunge wa Kenya ukomo wa mihula unapoibuka, sisi Wakenya tunaoishi Marekani huwa mstari wa mbele kuushangilia, na California, ninakoishi, hutajwa kama ushahidi kwamba vigogo wakiondolewa, jamii zenye watu wachache hupata nafasi. Ushahidi huo upo, ila wengi wetu huusoma nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayozihusu jamii ndogo kama Ilchamus wa Baringo, Kenya.

Mwaka 1990 wapiga kura wa California waliidhinisha Pendekezo la 140, lililowapa wabunge wa baraza la chini la jimbo miaka 6 pekee na maseneta miaka 8. Wengi waliona kwamba mlengwa mkuu alikuwa Willie Brown, Mmarekani mweusi aliyekuwa Spika tangu 1980. Yaani sheria inayosifiwa leo kwa kuwainua wachache ilianza kwa kumlenga mmoja wao aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Mwaka 1996 Cruz Bustamante, Mlatino, alichaguliwa kuwa Spika kabla hajatimiza miaka minne bungeni, na mwaka 2008 Karen Bass akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Spika wa bunge la jimbo lolote nchini humo.

Hata hivyo, mipaka ya maeneo ya uwakilishi ilikuwa imechorwa upya mwaka 1991 na wataalamu walioteuliwa na Mahakama ya Juu ya California, ambao walilazimika kuzingatia sheria ya shirikisho inayolinda kura za wachache. Kisha Pendekezo la 187 la mwaka 1994, lililokusudia kuwanyima huduma wahamiaji wasio na vibali, liliwasukuma Walatino wengi kuomba uraia na kujiandikisha kupiga kura. Ukomo ulifungua viti. Mipaka na daftari la wapiga kura ndivyo vilivyoamua nani avikalie.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mbunge aliyeanza tu kuielewa bajeti alikuwa tayari anatafuta kiti kingine, huku maofisa na washawishi wa makampuni wakibaki pale pale. Jamii kubwa huweza kuvumilia hali hiyo kwa sababu ina wabunge wengi, lakini jamii ndogo hutegemea mmoja au wawili waliokaa muda wa kutosha kuheshimiwa katika kamati. Mwaka 2012 wapiga kura walirekebisha sheria hiyo, na mbunge mpya akaruhusiwa kuhudumu miaka 12 yote katika baraza moja.

Nyumbani tuna mfano ulio wazi zaidi, ingawa ni nadra kuusikia katika mijadala yetu. Daniel arap Moi, aliyekuwa rais na mbunge kwa wakati mmoja kama Katiba ya zamani ilivyotaka, aliwakilisha Baringo ya Kati kwa miongo kadhaa, hadi ukomo wa mihula ya urais ulipomwondoa Ikulu mwaka 2002 na kiti chake cha ubunge kikabaki wazi. Jamii ya Ilchamus, inayoishi kandokando ya Ziwa Baringo, haikukipata. Kilikwenda kwa mwanawe, Gideon. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubaliana na Ilchamus kwamba, kwa mipaka iliyokuwapo, mgombea wao hakuwa na tumaini la maana la kuchaguliwa. Ukomo ungewekwa hata wa muhula mmoja, hesabu ya kura isingebadilika.

Ndiyo maana sioni busara ya kukusanya sahihi milioni moja ili kubadilisha Katiba kwa ajili ya ukomo wa ubunge kabla ya kazi ya mipaka kufanyika. Kifungu cha 89 kinaagiza mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kinataja uhusiano wa kihistoria na kitamaduni miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Mapitio ya mwisho yalikamilika mwaka 2012, na muda uliowekwa ukapita Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikiwa haina makamishna. Kifungu cha 100 nacho kinalitaka Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa makabila madogo na jamii zilizotengwa. Kwa hayo mawili hatuhitaji kura ya maoni.