Mwanafunzi wa kutwa naye apewe muda wa kulala

Ninafundisha tuisheni ya Hisabati jioni hapa Ngamiani, Tanga, na wanafunzi wangu karibu wote ni wa shule za kutwa. Mitihani ikikaribia huniletea ratiba zao za kujisomea niziangalie. Zimechorwa kwa rula, masomo kwa kalamu nyekundu na saa kwa bluu, na ukiziangalia unaona mtoto kakaa chini kweli kweli. Lakini nyingi zina kasoro ileile: usingizi haukupangiwa nafasi. Umeachiwa kinachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Msimamo wangu ni kwamba ratiba ya mwanafunzi ianze na usingizi, zifuate kazi za nyumbani anazozifanya kweli, halafu ndipo masomo yapangwe. Na wa kuilinda ratiba hiyo si mwanafunzi peke yake. Ni nyumba nzima.

Chukua ratiba ya binti mmoja wa kidato cha tatu. Saa 10 alfajiri, Baiolojia. Saa 12, shule. Saa 10 jioni, tuisheni. Saa 1 hadi saa 6 usiku, Fizikia, Kemia, Jiografia. Basi. Kutoka saa 6 usiku mpaka saa 10 alfajiri ni muda wa saa 4, wakati wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Nikamuuliza binti mama yake anajishughulisha na nini. Anauza vitumbua. Nani anamsaidia?

"Mimi, mwalimu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

Saa ileile aliyoiandikia Baiolojia. Usiku yeye ndiye anayesaga mchele uliolowekwa, akatia tui, hamira na iliki, akafunika bakuli uumuke. Alfajiri mama anawasha mkaa, na yeye anakaa mbele ya chuma kugeuza kimoja kimoja. Wateja wa kwanza wakifika, anakimbilia kuoga aende shule. Nikamuuliza mbona vitumbua havimo kwenye ratiba. Akanijibu, "Hiyo si kusoma, mwalimu, niiandike ya nini?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu wengi wao wanafikiri hivyo. Kazi inayowalisha na kuwanunulia madaftari wanaiona kama jambo la kuficha, halafu wanajilaumu kwamba ni wavivu pale Baiolojia inapokosa kusomwa. Binti huyu si mvivu hata kidogo. Serikali iliondoa ada kwa sekondari za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, ikaongeza kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini sare, nauli na chakula bado vinatoka kwenye chuma cha vitumbua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haikatazi kila kazi: kuanzia miaka 14 mtoto anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo kazi iandikwe. Ratiba inayoificha kazi ya mtu haiwezi kumpatia mapumziko.

Najua tunavyowasifu wanaopiga msuli. Kuna wanaokesha miguu imo kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie, na hadithi zao zinapokewa kama za mashujaa. Mimi nawapokea hao kesho yake jioni. Kanuni wanaijua, hatua ya kwanza wanaiandika sawasawa, kisha katikati ya mstari wa tatu ishara ya kutoa inapotea na swali zima linaharibika. Mwambie arudie Jumamosi baada ya kulala vizuri, analimaliza bila msaada. Ni wakati tumelala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyashikilia yale tuliyojifunza mchana. Anayekata usingizi ili asome zaidi anaikata kazi yenyewe ya kusoma.

Tena si lazima saa za kusoma ziwe nyingi. Mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba kurudia jambo kwa vipindi vilivyoachana kunalifanya likae kuliko kulirundika siku moja. Dakika 40 za Kemia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinamfaa mtoto kuliko saa mbili za Ijumaa usiku macho yakiwa mekundu.

Sasa niseme jambo ambalo wazazi wenzangu wengine hawatalipenda. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mapumziko hayagawiwi sawa. Kijana wa kiume akitoka shule anatupa begi, anachukua baiskeli, anakwenda uwanjani mpaka Magharibi. Coastal Union wakicheza Mkwakwani, hakuna anayemuuliza kama ameosha vyombo. Dada yake, wa darasa lilelile pengine, anachota maji, anafua sare za wadogo, anasonga ugali, na akitaka kwenda kupunga upepo Forodhani anaulizwa na nani, kufanya nini, atarudi saa ngapi. Kisha matokeo yakitoka tunawalinganisha.

Simlaumu kijana kwenda uwanjani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 au zaidi za mazoezi ya mwili kila siku, na mpira ni dawa nzuri. Ninachotaka ni dada yake naye apate saa yake, na saa hiyo itapatikana kaka akibeba ndoo. Nyumbani kwa yule binti ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa na mama yake, mwanamke mwelewa sana, tukakubaliana mdogo wake wa kiume achote maji jioni na asage mchele mapema. Binti sasa analala saa 3 na nusu usiku, anaamka saa 11 kusaidia kuchoma, na Jumamosi mchana hasumbuliwi mpaka aamke mwenyewe. Bado hazifiki saa nane. Lakini kwangu hasinzii tena.

Wapo wanaosema nyumba zetu haziwezi kubadilika, maisha ni magumu. Mbona Ramadhani tunabadilika? Mwezi ukiandama, nyumba nzima inapangwa upya: saa za kupika, za kula, tarawehe, daku, nani aamshe nani. Watoto wadogo wanaelewa na majirani wanazingatia. Nyumba inayoweza hayo kwa mwezi mzima inaweza kuzima redio saa 3 usiku kwa ajili ya mtoto anayeelekea mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Inaweza pia kuzungumza na ustadhi wa madrasa, maana mtoto anayekwenda chuoni alasiri na tuisheni jioni ana shule tatu kwa siku moja. Mastadhi ninaowajua husikiliza wakielezwa mapema.

Na sisi walimu tuna sehemu yetu. Mwanafunzi wa sekondari ana masomo saba na kuendelea, na kila mwalimu anatoa zoezi kama vile darasa lile ni lake peke yake. Hisabati maswali kumi, Kiingereza insha, Historia muhtasari wa sura nzima, yote yanatakiwa kesho asubuhi. Hakuna anayeyajumlisha isipokuwa mtoto, usiku, peke yake mezani. Karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya walimu ingetosha kuanzia: kila anayetoa zoezi aandike darasa, somo na dakika anazokadiria. Wa mwisho akikuta kidato cha tatu kina dakika 90 tayari kwa usiku huo, lake alisogeze hadi Alhamisi.