Kopo la miezi mitatu: virutubisho vya uzazi vinasaidia nini hasa?

Rafiki yangu mmoja aliniletea kopo nimsomee, kwa kuwa maandishi ya nyuma yalikuwa madogo naye alikuwa amesahau miwani. Mbele palikuwa na picha ya tumbo la mjamzito lililokumbatiwa na mikono miwili. Nyuma ilikuwa orodha: asidi ya foliki, zinki, seleniamu, vitamini C, D na E, biotini, inositoli, na mizizi miwili ambayo sijawahi kuisikia. Chini yake: vidonge viwili kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Na chini kabisa, kwa herufi ambazo hata mimi nilizikodolea macho: bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuponya ugonjwa wowote.

"Haya, niambie. Nimeze au nisimeze?" Alikuwa na miezi minane akitafuta mtoto.

Nilimjibu bila kufikiri sana: "Havina madhara, meza tu." Jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Kila nikilipima naona kwamba nusu yake ya kwanza si kweli kwa kila mtu, na nusu ya pili inategemea anayemeza anameza kwa ajili ya nini. Wauzaji husema virutubisho vya uzazi vinasaidia. Madaktari wengi ukiwauliza hupandisha mabega. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake, ila hazijibu swali moja.

Maana hapa kuna maswali matatu yaliyofungwa kamba moja. Lipo la mimba kushika. Lipo la mtoto kuumbika vizuri baada ya mimba kushika. Na lipo la mwili uliopungukiwa na kitu kurudishiwa kile ulichokosa. Kopo huyachanganya yote, na ushahidi mzito wa swali la pili huazimwa kulivalisha la kwanza.

Chukua asidi ya foliki. Katika orodha ile nzima hakuna kilichochunguzwa kikathibitika kama hicho. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililohusu wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba ya mtoto mwenye mgongo wazi au kasoro ya jamii hiyo. Waliotumia asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine na katika wiki zake za mwanzo walipunguza kujirudia kwa kasoro hizo kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungary ukaonyesha kinga hiyo hata kwa wanawake wasio na historia ya tatizo. Ndiyo maana ushauri wa kawaida leo ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Hauwezi kusubiri, kwa sababu mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba kutungwa, siku ambazo mama wengi hawajajua hata kama wamebeba. Kwa hiyo anayetafuta mtoto na ameze asidi ya foliki, sina ubishi. Lakini angalia kazi inayofanya: inamlinda mtoto atakayekuja. Haimwiti.

Watetezi wa virutubisho wana hoja nyingine, na si za kubeza. Watafiti wa Harvard walifuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 18,000 wa Marekani kwa miaka minane, wote wakiwa wanajaribu kupata mimba au wamepata. Waliotumia vidonge vya multivitamini mara kadhaa kwa wiki walionekana kusumbuliwa kwa nadra zaidi na tatizo la yai kutopevuka. Waliotumia vidonge vya madini ya chuma walionyesha mwelekeo huohuo. Ni habari njema, ila ina shimo: hakuna aliyewagawa wanawake wale kwa bahati nasibu. Anayekumbuka multivitamini kila asubuhi huenda pia havuti sigara, analala mapema na anaangalia anachokula. Watafiti hujitahidi kuyaondoa hayo kwa hesabu, na hesabu haiyamalizi yote.

Upande wa wanaume hoja inavutia zaidi. Utando wa mbegu ya kiume umejaa mafuta yanayoharibika upesi yanapokutana na kemikali kali zinazotokana na oksijeni, na antioksidanti kama vitamini C na E kazi yao ni kuzituliza hizo. Kwa maelezo ya maabara, kidonge kingepaswa kusaidia. Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliweka pamoja tafiti 90 za antioksidanti kwa wanaume wenye matatizo ya uzazi. Jumla yake iliashiria kwamba huenda watoto wanaozaliwa wanaongezeka. Kisha wakaziweka kando tafiti zilizofanywa kwa ulegevu, na ile faida haikuonekana tena waziwazi.

Jaribio linalostahili kusomwa polepole ni lile lililochapishwa Marekani Januari 2020. Wanandoa 2,370 waliokuwa wanatafuta matibabu ya uzazi waliandikishwa. Nusu ya waume walipewa asidi ya foliki na zinki kila siku kwa miezi sita, na hivi ndivyo viungo viwili ambavyo kopo la "nguvu za mbegu" halikosi. Nusu nyingine walipewa kidonge tupu kinachofanana na cha wenzao. Hakuna aliyejua anachomeza. Katika kundi la kidonge halisi, asilimia 34 ya wanandoa walipata mtoto. Katika kundi la kidonge tupu, asilimia 35. Idadi ya mbegu, umbo lake na mwendo wake havikutofautiana. Kilichotofautiana ni kuvunjikavunjika kwa vinasaba ndani ya mbegu, na kulizidi kidogo kwa waliomeza kidonge halisi: asilimia 29.7 dhidi ya 27.2. Matumbo yao pia yaliwasumbua zaidi. Jaribio lingine la mwaka huohuo, dogo, la wanaume wasiofika 200, ambapo baadhi yao walipewa mchanganyiko wa vitamini C na E, seleniamu, zinki, karnitini, asidi ya foliki na likopeni, nalo halikuona faida.

Hapo mtetezi atasema, na ana haki kusema, kwamba wengi wa wanaume wale huenda hawakuwa na upungufu wa zinki. Kumwongezea zinki asiyepungukiwa ni kama kumwaga maji kwenye mtungi uliojaa. Nakubali. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa inamgeukia muuzaji mwenyewe, kwa sababu kopo halimuulizi mnunuzi kama mtungi wake umejaa. Upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini D au wa iodini hujulikana kwa vipimo, au kwa mtu anayekuuliza unakula nini na hedhi yako ikoje. Aliyepungukiwa atanufaika kutibiwa, awe anatafuta mtoto au hatafuti.

Inositoli nayo niiseme kwa ufupi, kwa kuwa wenye PCOS huiulizia kila siku. Hiyo ni hali ya homoni ambapo mayai hukwama bila kupevuka na hedhi hupotea kwa miezi. Mwongozo wa kimataifa wa hali hiyo uliotolewa mwaka 2023 haukatazi inositoli: madhara yake ni machache, na huenda ikausaidia mwili kuhimili sukari. Lakini dawa ya kwanza ya kupevusha yai katika mwongozo huo ni letrozoli, ambayo ni dawa ya daktari. Katika jaribio la mwaka 2014 lililohusu wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli waliopata mtoto walikuwa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni, dawa iliyozoeleka kabla yake, asilimia 19.1. Mwenye PCOS anayekaa mwaka mzima na inositoli peke yake amechagua njia ndefu, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kuwa ipo fupi.

Turudi kwa rafiki yangu. Alimeza. Mwezi wa tatu wa kopo, mimba ikashika. Sasa kila mwanamke anayemlalamikia hutajiwa jina la kopo lile, tena kwa kiapo.

Simlaumu, ila nimefanya hesabu. Kati ya wanandoa 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga, kama 84 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Ikifika mwisho wa mwaka wa pili ni kama 92. Maana yake wale 16 waliobaki mwaka wa kwanza ulipoisha, nusu yao hupata bila kumeza chochote. Wape wote 16 vidonge vya unga wa mahindi siku ya kwanza ya mwaka wa pili, na baadaye utapata familia nane zitakazousifu unga ule hadharani. Nane wengine watanyamaza, kwa sababu anayekosa mtoto hasimami kutoa ushuhuda. Shuhuda zote tunazosikia ni za upande mmoja wa hesabu hii.

Na ile miezi mitatu ya kopo ina ujanja wake. Ina msingi wa kweli: mbegu ya kiume huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kusafiri na kukomaa, hivyo mabadiliko ya leo huonekana baada ya muda kama huo. Lakini miezi mitatu ni mizunguko mitatu ya hedhi, nafasi tatu za mimba kuja yenyewe. Ikija, kopo limeshinda. Isipokuja, unaambiwa mwili bado unajipanga, ongeza kopo la pili.

Sasa ile nusu ya jibu langu, "havina madhara". Biotini katika dozi kubwa huweza kupotosha vipimo vya damu vya homoni, vikiwemo vya tezi ya shingo, ambavyo ndivyo daktari wa uzazi huanza navyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2017. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi huweza kumlemaza mtoto tumboni, na hapo tunamzungumzia mtu anayetumaini kubeba mimba mwezi wowote. Nayo mamlaka hiyohiyo mwaka 2021, pamoja na tume ya biashara ya nchi hiyo, iliziandikia barua za onyo kampuni tano zilizouza virutubisho kwa kudai vinatibu utasa. Kwa sheria ya Marekani kirutubisho hakihitaji kuthibitishwa kwamba kinafanya kazi kabla ya kuingia sokoni. Ile sentensi ya herufi ndogo kwenye kopo la rafiki yangu imetokana na sheria za namna hiyo: mbele picha ya tumbo inaahidi, nyuma mwanasheria anakana.

Hata hivyo, kwa mtu mzima wa afya anayefuata dozi ya multivitamini ya kawaida, hatari ya kidonge chenyewe si kubwa. Ninachokiogopa zaidi ni kalenda. Shirika la Afya Duniani huuhesabu utasa pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga. Madaktari wengi humwambia mwanamke mwenye miaka 35 au zaidi asisubiri mwaka, aende akishafika miezi sita. Mirija iliyoziba haizibuliwi na vitamini yoyote. Na katika karibu nusu ya wanandoa wasiopata mtoto, mume naye ana sehemu yake katika tatizo, lakini kopo hununuliwa na mke.

Wifi yake rafiki yangu alilipokea jina la kopo lile kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka 36. Alimaliza makopo saba, moja baada ya jingine, na makopo matupu aliyapanga juu ya kabati kwa sababu, alivyosema, kuyatupa kungekuwa kama kukata tamaa. Hakuna hata mara moja katika muda huo mume wake alipopimwa. Alipokubali hatimaye, majibu yalitoka kesho yake: hakukuonekana mbegu hata moja.

Daktari hakuanza na dawa. Alimwambia mume arudi na kila anachomeza au kujichoma, asiache kitu. Jamaa akaja na mfuko. Ndani mlikuwa na unga wa protini, vidonge vya "kuongeza nguvu za kiume" visivyo na jina la mtengenezaji, na vichupa vya testosteroni alivyouziwa na mwenzake wa mazoezi. Daktari akamweleza kwamba testosteroni ya kutoka nje huuambia ubongo kuwa ipo ya kutosha, nao ubongo huacha kuziamrisha korodani zitengeneze mbegu. Kwa wengi mbegu hurudi wakishaacha, lakini huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Vichupa vile daktari alivitenga, pamoja na vile vidonge. Kisha akamgeukia mke, akalipokea kopo la nane lililokuwa limefunguliwa wiki ile, akalisoma mbele na nyuma, akaliweka upande uleule wa vichupa. Akamwandikia asidi ya foliki peke yake, mikrogramu 400, na kipimo cha mirija.