Kiwiko hakifungi goli
Mabinti ninaowafundisha netiboli hapa Kampala wengi ni watoto wa askari, kwa hiyo uwanjani tunaongea Kiswahili cha kambini. Mwezi uliopita nilimharibu mfungaji wangu bora kwa mdomo wangu mwenyewe. Alikosa magoli mawili, nikaanza: kunja magoti, kiwiko ndani, legeza kifundo! Akakosa la tatu. La nne mpira haukugusa hata ringi. Akanigeukia, mpira kaupakata kiunoni: "Kocha, sasa nishike lipi?"

Swali la haki kabisa. Netiboli inakupa sekunde 3 tu uwe umeuachia mpira.

Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojifunza kwenye mashine ya kuigiza mchezo wa kuteleza thelujini. Wengine waliambiwa waiwaze miguu yao, wengine wayawaze magurudumu ya jukwaa walilosimamia, ambayo yako chini ya miguu hiyohiyo. Tofauti ya neno moja tu! Wa magurudumu wakajifunza vizuri zaidi. Mwaka 2005 likafuata jaribio la mpira wa kikapu: walioiwaza ringi walilenga vizuri kuliko waliowaza kifundo cha mkono, na misuli ya mikono yao haikujikaza sana kama ya wenzao.

Maelezo yake mimi nayaamini, maana nayaona kila siku barabarani. Mwili ukishazoea kazi, ukianza kuusimamia kiungo kwa kiungo unauzuia. Mwambie mama mwenye ndoo kichwani aiwaze shingo yake, uone maji. Hata mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei, siku ile Valencia 2020 alipokimbia mita 10,000 kwa 26:11.00, alikuwa na taa za kufuata pembeni ya njia. (Sisemi taa ndizo zilizokimbia. Watu wa kwao Kapchorwa wasinipige.)

Makocha wetu tunapenda kutaja viungo kwa sababu tunaonekana tunajua. Mtoto anayeanza kabisa umwonyeshe umbo la mrusho, sawa, lakini siku ya mechi?

Yule binti nilimwambia asahau mkono, aupitishe mpira juu ya ukingo wa mbele wa ringi, basi. Akafunga matatu, akakosa moja, akaendelea bila kunitazama. Kocha mwenzangu kwenye benchi bado anapiga kelele "Magoti! Magoti!", nami nasubiri mabinti waende kunywa maji ndipo nibishane naye.