Walokhimon hawakuuza mila za Wakarbi

Katika milima ya Karbi Anglong, jimboni Assam, kaskazini-mashariki mwa India, wafuasi wa Lokhimon hulaumiwa kwamba wameziuza mila za Wakarbi, kabila la huko, kwa Uhindu. Vuguvugu hilo, lililoongozwa na Lokhon Ejang Engti Hensek, limeunganisha imani za mababu na ibada ya Vishnu, mungu wa Wahindu, likaacha kafara za mifugo na hor, pombe ya mchele.

Lawama hizo zina uzito. Rongker, tambiko la kijiji la kila mwaka, linategemea hor na damu ya kuku. Chomangkan, sherehe kubwa ya kuwasindikiza wafu, ndiko anakoimba charhepi, mwombolezaji anayemwonyesha marehemu njia. Sherehe zikikoma, atamrithisha nani?

Lakini tuulize marehemu anapelekwa wapi. Anakwenda Chom-arong, mji wa Chom, na Chom ndiye Yama, mungu wa mauti wa Wahindu. Kumbe charhepi tunayemlilia amekuwa akimtaja Yama siku zote! Wakarbi wana pia Sabin Alun, toleo lao la kuimbwa la Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu, lililopokezanwa kwa mdomo. Walokhimon hawakuleta mgeni nyumbani. Tena waliwatua maskini mzigo. Kumtambikia mgonjwa mmoja huweza kudai kuku, mbuzi, hata nguruwe wa tambiko, na Chomangkan huchukua siku kadhaa, kwa gharama inayozifanya familia nyingi ziiahirishe kwa miaka. Anayewaambia hawa washikilie kila kitu kama zamani, awaambie pia fedha zitatoka wapi.

Halafu kuna takwimu inayotajwa kila mjadala unapowaka: katika sensa ya 2011, asilimia 80 hivi ya wakazi wa wilaya ya Karbi Anglong walihesabiwa Wahindu, na Wakristo 16. “Tumemezwa,” husemwa. Lakini fomu ya sensa ilitenga namba kwa dini sita tu. Nyingine zote zilipaswa kuandikwa kwa jina. Mkarbi anayemtambikia Hemphu, mungu wa jadi wa Wakarbi, na hana habari na Vishnu, jina la dini yake lisipoandikwa, huweza kuishia kwenye hesabu ya Wahindu. Humo wamo pia Wanepali, Wabihari na Waassam wengi wanaoishi wilayani. Kuwatwisha Walokhimon asilimia yote hiyo ni kuwaonea.

Karbi Anglong ina baraza lake la kujitawala chini ya Jedwali la Sita la katiba ya India. Wanaohofia mila zao wana mlango wa kubisha hapo: wadai imani ya mababu ihesabiwe kwa jina lake.