Yai la shilingi elfu ishirini: sadaka ya Krismasi katika sharika za Kilimanjaro

Ibada ya Krismasi katika usharika wa Kilutheri mlimani Kilimanjaro haimalizwi na baraka ya mchungaji. Watu hutoka wakiimba, huizunguka meza iliyowekwa uwanjani, na mzee wa kanisa mwenye sauti na utani wa kutosha huanza kunadi vile ambavyo waumini wasio na fedha taslimu walivileta madhabahuni asubuhi: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu, yai. Yai ambalo dukani halifiki shilingi 1,000 mgeni aliyetoka Dar es Salaam hulitajia 5,000, shemeji yake akapanda hadi 10,000, na likaangukia 20,000 kwa vigelegele. Mnunuzi hutajwa jina, wakati mwingine na ukoo wake na mahali anakofanya kazi, na akiwa mwepesi wa moyo hulirudisha mezani linadiwe tena. Aliyelileta yai hatajwi. Mara nyingi ni bibi aliyekaa nyuma, ambaye kuku wake wawili ndio mfuko wake wote wa akiba.

Mnada huo hukusanya fedha nyingi, na hasa mwezi wa Desemba, kwa kuwa ndio mwezi ambao Wachaga wa mijini hurudi nyumbani kwa wingi unaojaza mabasi ya kaskazini na treni ya abiria iliyorejeshwa kati ya Dar es Salaam na Moshi mwezi Desemba 2019. Kwa majuma mawili hivi usharika ambao mwaka mzima huhesabu sadaka yake kwa sarafu na noti ndogo huwa na watu wenye mishahara na biashara ndani ya kuta zake. Viongozi wanalijua hilo na hupanga ratiba kwa kulifuata: harambee ya paa, ahadi za ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti, na, siku ya Krismasi yenyewe au ya pili yake, zawadi kwa wajane, wazee na yatima. Hapo ndipo waumini wanapogawanyika. Wapo wanaoona kwamba utoaji huu wa msimu ni ukarimu halisi, na wapo wanaouona kuwa maonyesho yanayowagharimu walio wanyonge.

Wanaoutetea wana hoja ambazo wakosoaji huzipita haraka mno. Kwanza, fedha ipo kijijini wakati huo na si wakati mwingine. Kumwambia mtu wa Mbeya au Mwanza kwamba angoje mwezi wa Aprili ndipo atoe ni sawa na kumwachia asitoe. Pili, na hii kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, njaa ya siku ambayo moshi wa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, unapanda kutoka kila kihamba, shamba la migomba la nyumbani, si sawa na njaa ya Jumanne ya kawaida. Mjane anayekula mtori mtupu wa ndizi, usio na nyama, mwezi wa Juni anakula kama majirani zake. Akiula siku ya Krismasi, huku watoto wa jirani wakipita na mfupa mkononi, ameambiwa jambo kuhusu nafasi yake duniani. Kilo mbili za nyama siku hiyo haziondoi umaskini, lakini hakuna aliyedai kwamba zitauondoa. Tatu, watoto waliozaliwa mjini hujifunza hapo kwamba babu yao ana majirani wenye majina, na kwamba sadaka si meseji ya muamala kwenye simu peke yake.

Wakosoaji nao hawasemi upuuzi. Zawadi za Krismasi hufanana: mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, khanga. Hufika zote katika juma moja, zikitoka usharikani, kwaya, kikundi cha akina mama na familia mbili tatu za wageni, kisha kimya hadi Desemba inayofuata. Hitaji halifuati kalenda hiyo. Shule hufunguliwa Januari, na ingawa ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, sare, viatu na madaftari hununuliwa na mzazi. Baadaye huja masika, miezi ya matope na kikohozi, wakati mahindi ya msimu mpya bado yako shambani. Mwenye gunia la mchele la Krismasi huwa ameshaligawa au kuliuza nusu yake kwa bei ya hasara ili apate fedha ya sweta.

Lakini lawama kubwa zaidi si ya kalenda, ni ya uwanjani. Mnunuzi wa jogoo anaposema kwa sauti, "Mpeni bibi yule," bibi hana budi kusimama, kupita mbele ya watu wote, kupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo, huku mjukuu wa mtoaji akiinua simu. Dakika ile ameshatangazwa maskini rasmi wa usharika. Wengine hawalioni tatizo. Wengine, nao si wachache, hujikuta wana homa kila siku ya pili ya Krismasi.

Pande zote mbili hushika Biblia, na kinachonivutia ni kwamba zote hufungua hotuba ileile ya Yesu ya mlimani. Wakosoaji husoma Mathayo sura ya 6, kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Watetezi hurudi nyuma sura moja, kwenye nuru inayotakiwa kuangaza mbele ya watu wapate kuyaona matendo mema. Mabishano hayo hayaishi kwa kurushiana aya. Sura inayogusa jambo hili kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 6 ya Matendo ya Mitume, ambapo Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Andiko halisemi chakula kilipungua. Linasema watu walisahauliwa, na dawa iliyotolewa ilikuwa kuchagua watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Yaani hata kanisa la kwanza liligombana juu ya orodha: nani yumo, nani hayumo, na nani anaishika.

Kilimanjaro ina historia yake katika jambo hili. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig aliyefika mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Old Moshi hadi alipoondoka mwaka 1938, alisisitiza kwamba usharika usijengwe juu ya mtu mmoja mmoja bali juu ya ukoo, ujirani na rika, mahusiano ambayo Wachaga walikuwa nayo kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Amelaumiwa kwa kuyapamba mno mambo ya kale, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, ukitazama jumuiya za leo, zile za nyumba kumi hadi ishirini zinazokutana kwa zamu majumbani, utaona kwamba ndizo zinazojua ni nani hajawasha moto tangu juzi. Kamati ya zawadi inayoundwa mwishoni mwa Novemba haiwezi kujua hilo.

Kwa hiyo mimi ningetenganisha vitu viwili ambavyo mnada huvichanganya. Paa, madawati na nyumba ya mwinjilisti vitolewe hadharani, kwa majina na kwa mbwembwe, kwa sababu bati halioni aibu, na mashindano ya mashemeji huleta fedha ambayo isingetoka kimyakimya. Kinachokwenda kwa mtu kiende nyumbani kwake kupitia jumuiya, bila meza na bila simu, na sehemu yake ibaki kwa ajili ya Januari na masika. Jogoo aliyenunuliwa kwa ajili ya bibi afikishwe kwake jioni na jirani anayempelekea majani ya ng'ombe siku zote.

Pingamizi la kwanza lipo na ni la haki: sirini ndimo fedha hupotelea, na kiongozi wa jumuiya naye ana ukoo wake. Wengi wameshaona sukari ya wajane ikiishia kwa wasio wajane. Tiba yake si kuwaanika wapokeaji. Orodha inaweza kushikwa na watu watatu wa koo tofauti, na usharika ukasomewa jumla ya fedha, idadi ya nyumba na vitu vilivyonunuliwa, pasipo jina hata moja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sioni kwamba utaratibu wangu unalimaliza. Katika sharika nyingi orodha huanzia kwenye daftari la bahasha za sadaka, ambamo kila muumini ana namba na ahadi ya mwaka. Aliyeshindwa kutimiza ahadi miaka miwili mfululizo huona haya, huacha ibada, huacha na jumuiya. Mwenye shida kuliko wote ndiye anayetoka kwenye daftari mapema kuliko wote, bila kufukuzwa na yeyote. Jirani Mkatoliki au Mwislamu hakuwamo tangu mwanzo. Bila mtu anayepita mlango kwa mlango na kuuliza habari za nyumba zisizo na bahasha, hata jumuiya njema kabisa itawahudumia wale inaowaona Jumapili.

Mama mmoja mtunza hazina wa jumuiya, ambaye aliwahi kunionyesha daftari lake la kurasa za mistari, alikuwa na namna yake. Ukurasa wa Desemba ulijaa: mchele, mafuta, nyama, majina ya watoaji kutoka mjini. Ukurasa wa Januari ulikuwa na mistari miwili tu, kwa wino wa buluu: sweta 2, viatu jozi 1. Nilipouliza ni vya nani, alifunga daftari na kunikaribisha chai.